Nani Anajua Nini? Maarifa na Nadharia za Uchumi

MADA: Mifumo ya uchumi

Malengo
Ukimaliza sehemu hii uweze:
(a) kueleza jinsi wachumi wanne walivyoyatazama maarifa;
(b) kuonyesha jinsi mtazamo huo ulivyozaa nadharia zao;
(c) kuutumia kujibu swali la insha.

Utangulizi
Watahiniwa wengi hukariri kwamba mchumi huyu alitetea soko na yule alitetea serikali. Swali likiuliza "kwa nini?", kalamu inasimama. Ukitaka kuepuka hali hiyo, jiulize kwanza: kwa maoni ya mchumi huyu, nani anajua nini? Ukishajua anaamini maarifa yako wapi, hutashangaa kuona anapendekeza nini.

1. Maarifa yanaweza kukusanywa: Oskar Lange
Mwaka 1920 Ludwig von Mises, mchumi wa Austria, alidai kuwa nchi ya kijamaa haiwezi kupanga uchumi wake kwa ufanisi. Viwanda na mashine vikiwa mali ya umma, haviuzwi wala kununuliwa. Kwa hiyo havina bei ya kupimia gharama. Lange, mchumi wa Poland, alijibu hoja hiyo mwaka 1936 na 1937. Alisema bodi ya mipango inaweza kupanga bei kwa kujaribu na kusahihisha: bidhaa ikiadimika, bei ipandishwe; ikirundikana, ishushwe.
Msingi wake: uhaba na ziada huonekana, na chombo kimoja kinaweza kupata taarifa zake.
Hitimisho lake: bodi ya serikali inaweza kufanya kazi ya soko.

2. Maarifa yametawanyika: Friedrich Hayek
Hayek, mzaliwa wa Vienna, alitoa makala maarufu kuhusu suala hili mwaka 1945. Alisema maarifa mengi muhimu hayamo katika majedwali ya takwimu, bali yamo vichwani mwa watu wengi, kila mtu na sehemu yake. Mkulima anajua ni kona ipi ya shamba inatuamisha maji. Dereva wa lori anajua ni njia ipi imeharibika wiki hii. Taarifa hizi zikifika makao makuu, huenda hali imeshabadilika.
Ni nini basi kinachowaunganisha watu hawa? Bei. Hayek alitoa mfano wa madini ya bati. Bati likiadimika, bei yake hupanda, na watumiaji hubana matumizi bila kuhitaji kujua kama mgodi umefungwa au mahitaji mapya yamezuka.
Msingi wake: hakuna mtu wala ofisi inayoweza kukusanya maarifa yote.
Hitimisho lake: bei ziachwe ziundwe na wanunuzi na wauzaji wenyewe.

3. Mambo ya kesho hayajulikani: John Maynard Keynes
Keynes wa Uingereza, aliyechapisha kitabu chake kikuu mwaka 1936 wakati dunia ikitoka katika mdororo mkubwa, alitazama maarifa ya wakati ujao. Mwenye mtaji hawezi kupiga hesabu ya uhakika kujua kiwanda kitaleta faida gani baada ya miaka 20. Huamua kwa matumaini au kwa hofu. Hofu ikitanda, watu hushika fedha mkononi, uwekezaji hupungua na wafanyakazi hukosa ajira.
Hitimisho lake: soko linaweza kukwama kwa muda mrefu, hivyo serikali itumie fedha kuinua mahitaji.

4. Maarifa hayako sawa: George Akerlof
Mwaka 1970 Akerlof wa Marekani alichunguza soko la magari yaliyotumika. Muuzaji anajua kasoro za gari, mnunuzi hajui. Kwa kuogopa kupunjwa, mnunuzi hutoa bei ya chini. Mwenye gari zuri huona hasara na kuliondoa sokoni, yakabaki mabovu.
Hitimisho lake: soko linahitaji njia za kupunguza pengo hilo, kwa mfano dhamana ya muuzaji. Alama ya ubora ya TBS hapa Tanzania hufanya kazi ya aina hiyo: humpa mnunuzi taarifa ambayo asingeweza kuipata kwa kuitazama bidhaa tu.

Tuitumie kwa Tanzania
Mwaka 1973 Tanzania iliunda Tume ya Bei. Nia ilikuwa kumlinda mlaji dhidi ya ulanguzi. Kwa macho ya Hayek, kazi hiyo ilikuwa nzito mno: tume ingewezaje kufuatilia gharama za kila bidhaa katika kila wilaya? Kwa macho ya Lange, tatizo si kupanga bei, bali kuchelewa kuirekebisha uhaba unapoonekana. Wote wawili wanatazama rafu tupu ileile ya duka, lakini kila mmoja anaona sababu yake. Hapo ndipo penye alama zako.

Swali la mfano
"Serikali inapaswa kupanga bei za bidhaa muhimu." Jadili.

Mwongozo wa jibu
– Utangulizi: fafanua upangaji bei, kisha sema kuwa jibu linategemea nani ana taarifa za kutosha.
– Hoja za kuunga mkono: Lange, pia Akerlof, ukieleza kwamba mnunuzi asiye na taarifa anahitaji ulinzi.
– Hoja za kupinga: Hayek, pamoja na mfano wa bati.
– Mfano wa nchini: Tume ya Bei.
– Hitimisho: toa msimamo wako na sababu. Usiishie kusema "kuna faida na hasara."

Epuka makosa haya
– Kuandika kuwa Hayek aliamini wafanyabiashara wanajua kila kitu. Alisema kinyume chake: kila mmoja anajua kidogo.
– Kumwita Keynes mjamaa. Alitaka kuurekebisha ubepari, si kuuondoa.
– Kuandika kuwa Akerlof alitaka soko lifutwe. Alieleza tu mahali linapokwama.

Zoezi
1. Taja tofauti moja kuu kati ya Lange na Hayek kuhusu maarifa.
2. Kwa nini mwenye gari zuri huliondoa sokoni?
3. Mvua zimekata barabara na bei ya mahindi mjini imepanda. Eleza bei hiyo inamwambia nini mfanyabiashara aliye mkoa mwingine, na nini kitatokea ikizuiwa kupanda.