Ziwa Nyasa: Bandari, Pwani na Visiwa Vyake

Jina la Songwe ni la mito miwili, wala si mmoja. Songwe wa kwanza hushuka hata Ziwa Rukwa, na maji yake hukoma huko, maana Rukwa halina mlango wa kutokea. Songwe wa pili hupita mpakani upande wa Ileje, ukitenga Tanzania na Malawi, kisha huingia Ziwa Nyasa. Na maji ya Nyasa hutoka kwa mto Shire, yakaingia Zambezi, hata yakafika Bahari ya Hindi. Basi mtoto wa Ileje akitupa kijiti mtoni, kijiti hicho kina njia ya kwenda baharini. Kwa hiyo yafaa sisi wa Tunduma na Mbozi tulijue ziwa hili, kwa kuwa ni jirani yetu, tena wengine wetu huenda huko kwa kazi ya usharika au kuwatazama jamaa.

Kutoka Tunduma hata Mbeya ni kama kilometa 100. Ukifika Uyole ugeukie kusini, upite Tukuyu penye migomba na chai, ndipo barabara ishukapo hata Kyela, nchi ya mpunga na kakao. Aliyetoka Tunduma amevaa koti atalivua njiani.

Bandari ya zamani ni Itungi. Lakini mito huleta mchanga na tope pasipo kuchoka, na kina cha maji kikapungua, hata kazi ya meli kubwa ikahamia Kiwira. Meli ya abiria iitwayo Mbeya II ilianza kazi mwaka 2021. Yaweza kuchukua watu 200 pamoja na tani 200 za mizigo. Husafiri ikifuata pwani kwenda Mbamba Bay, na vijiji vingi vya njiani havina barabara njema, hata siku ya meli kwao ni siku ya soko na ya barua.

Neno “nyasa” lenyewe maana yake ni ziwa, basi tusemapo Ziwa Nyasa twasema ziwa mara mbili. Kosa hili tulirithi tangu safari ya Livingstone mwaka 1859, wala halimdhuru mtu. Urefu wake wapata kilometa 580, na kina chake hufika mita 700. Ajabu yake ni hii: maji ya juu ndiyo yenye uhai, bali chini ya mita 250 hivi hamna hewa ya kuwatosha samaki, kwa sababu maji ya chini hayachanganyiki na ya juu. Lakini katika maji hayo ya juu mna aina mamia ya samaki, na walio wengi hawaonekani mahali pengine po pote duniani.

Sasa tufike Matema, pembe ya kaskazini ya ziwa, chini ya milima ya Livingstone. Wamisionari wa Berlin walifika pande hizi mwaka 1891, wakiongozwa na Alexander Merensky. Hawakupitia Dar es Salaam; walikuja kwa Zambezi na Shire, kisha wakavuka ziwa lote. Matema pana hospitali ya Kilutheri hata leo. Karibu yake ni Ikombe, kijiji cha Wakisi, ambao wake zao hufinyanga vyungu vyembamba, vyepesi, vyenye nguvu. Vyungu hivyo hupakiwa mitumbwini hata soko la Lyulilo, na kutoka hapo husambaa mbali. Huenda chungu kilicho jikoni mwako kimetoka huko.

Ukisafiri kusini utapita Lumbira, ambapo Wadachi walijenga Langenburg mwaka 1893, kabla ya kuhamia Tukuyu. Mbele zaidi ni Liuli. Mwezi Agosti 1914 meli ya Wadachi, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa ufukoni hapo ili itengenezwe, na nahodha wake hakuwa na habari ya vita. Ikatokea meli ya Waingereza, Guendolen, ikapiga mzinga. Nahodha hao wawili walikuwa rafiki. Yule Mdachi akapanda mashua, akaenda kwa hasira kumwuliza mwenzake kama amelewa. Akaambiwa kwamba kuna vita, akafanywa mfungwa. Hapo Liuli ndipo alipozikwa Padre W. P. Johnson wa misheni ya Kiingereza, mwaka 1928, baada ya kulitumikia ziwa hili kwa miaka mingi sana.

Kisiwa cha Likoma kiko karibu na pwani ya Msumbiji, lakini ni cha Malawi, kwa ajili ya misheni ya Waingereza iliyokaa humo tangu miaka ya 1880. Kanisa lao kubwa la mawe lilianza kujengwa mwaka 1903. Mtanzania aendaye huko achukue pasipoti. Na kuhusu mpaka wa majini, Malawi hushika mapatano ya Waingereza na Wadachi ya mwaka 1890, ikisema kwamba mpaka ni ufuko wetu. Tanzania husema ni katikati ya ziwa. Shauri hili halijakwisha, na mvuvi hatazami mstari usioonekana.

Limebaki jambo la upepo. Askofu Chauncy Maples wa Likoma alikuwa akirudi kutoka Uingereza, ambako alikuwa amewekwa kuwa askofu mwaka ule ule wa 1895. Akatamani kufika upesi, mashua ikaendelea usiku katika dhoruba, ikapinduka tarehe 2 Septemba. Kanzu yake nzito ikamvuta chini, naye akawaambia vijana waliotaka kumsaidia wajiokoe wenyewe. Tena tarehe 30 Julai 1946 meli Vipya, ambayo ilikuwa haijamaliza mwaka kazini, ilizama upande wa Malawi, wakafa watu 145. Katika miezi ya Mei hata Agosti hasa, upepo wa kusini, ambao ng'ambo huuita mwera, huinua mawimbi kama ya bahari.

Basi aendaye Ikombe kwa mtumbwi aondoke alfajiri, maji yakiwa yametulia. Mwalimu akiwa na ibada ya Jumapili, avuke Ijumaa. Na mwenye mtumbwi akisema, “Leo hatuendi,” usimwongezee fedha.