Fundisho juu ya Saa za Mkono

Siku hizi hata huku Kaisho twaona watu wamevaa mkononi kile kiitwacho saa janja. Kioo chake ni cheusi, na kikiguswa huwaka. Huonyesha wakati, huhesabu hatua na mapigo ya moyo, tena hupokea habari zifikazo katika simu. Lakini twaona na jambo la pili: wako waliozivaa kitambo, kisha wakazivua na kuirudia saa ya mishale. Sisi nasi tu miongoni mwao. Wengine wametuuliza sababu, nao wana haki ya kujibiwa. Basi na tulichunguze jambo hili sehemu kwa sehemu.

1. Kazi ya saa

Saa ni chombo cha kujibu swali moja tu: Sasa ni wakati gani? Saa ya kamani hutiwa ufunguo. Kamani ikikunjuka polepole husukuma magurudumu, na magurudumu huzungusha mishale. Ukiijaza asubuhi, yafika asubuhi ya pili bila kusimama. Mwaka 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa ya mkono iendayo kwa betri na kipande kidogo cha jiwe kitetemekacho. Katika saa nyingi za leo za namna hiyo, jiwe hutetemeka mara 32,768 kila sekunde, na betri hudumu mwaka mmoja au zaidi. Saa hizi zote mbili hunyamaza mpaka zitazamwe.

Saa janja si hivyo. Haingoji kuulizwa, bali huita. Tena yataka kulishwa umeme mara nyingi: kampuni ya Apple, iliyoanza kuuza saa yake mwaka 2015, yenyewe ilisema kwamba betri yatosha saa 18. Nyingine hudumu siku kadhaa, lakini karibu zote hurudi kwenye umeme. Na nyumbani ambako umeme ni wa paneli ndogo ya jua, taa ya mtoto asomaye ndiyo ya kwanza.

2. Mkono ulio mbele za watu

Kwetu mgonjwa hutembelewa, na mgeni huketi. Wafiwa hukaliwa matanga. Mwinjilisti huitwa pia kusikiliza ugomvi wa mpaka wa shamba la migomba. Katika vikao hivyo mtu akitazama saa yake, wote huelewa: amechoka nasi, ataka kuondoka. Saa janja humtikisa mvaaji mkono kwa kila ujumbe, naye huitazama bila kukusudia. Huenda ujumbe wenyewe ni tangazo la vocha tu. Lakini mama aliyekuwa akieleza kifo cha mtoto wake amekwisha nyamaza. Hasara hiyo haiandikwi popote, wala dakika zilizookolewa haziwezi kuilipa.

Atasema mtu: Si unaweza kuizuia isiite? Naam, waweza. Lakini ukiisha kuyazuia yote, ulichobaki nacho ni saa ya kawaida idaiyo umeme kama kwanza.

3. Saa na mahali petu

Tanzania hufuata wakati wa mstari wa digrii 45 mashariki, upitao baharini mbali na pwani yetu. Kaisho iko magharibi sana ya mstari huo. Kwa hiyo jua hutuchomozea karibu nusu saa baada ya watu wa Dar es Salaam, na adhuhuri yetu ya kweli, jua liwapo juu kabisa, huwa karibu na saa saba. Uganda, jirani yetu wa kaskazini, ana wakati mmoja nasi. Lakini Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, iko nyuma kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, kwao ni saa moja, na jua ni lile lile.

Sasa angalieni. Saa janja hupata wakati kwa simu, na simu huupata kwa mnara. Mawimbi ya mnara hayajui mpaka wa nchi. Mtu akiwa karibu na mto, simu yake yaweza kushika mnara wa ng'ambo, na saa ikarudi nyuma saa nzima bila kumwuliza mwenyewe. Mwenye kujua aweza kuizuia. Asiyejua atapiga kengele watu wamekwisha kwenda zao. Saa ya mishale hupotea pia, lakini kwa sekunde au dakika chache, nasi twaisahihisha kwa redio. Mwenye saa hiyo ajua kwamba kazi ya kuisimamia ni yake.

4. Kusoma saa kwa Kiswahili

Sisi twahesabu saa tangu kucha. Na Maandiko hufanya vivyo hivyo: katika mfano wa wakulima wa shamba la mizabibu (Mathayo 20), saa tatu na saa kumi na moja ni zile zile tuzijuazo, hata mtoto aelewa bila kufasiriwa. Saa ya mishale yakubaliana na hesabu yetu kwa njia nyepesi. Mshale mfupi ukiwa juu ya 7, tazama upande unaoelekeana nao: ni 1, yaani saa moja. Ukiwa juu ya 9, ng'ambo yake ni 3, yaani saa tatu. Wazee wetu hufundisha hivi kwa kidole. Kioo chenye tarakimu tupu hakina ng'ambo. Mtoto hana budi kutoa sita kichwani.

5. Faida tusizozikana

Hatusemi saa janja ni mbaya. Tangu mwaka 2018 zimekuwako ziwezazo kuandika mwendo wa moyo, na mtu aliyeshauriwa na daktari kuivaa asiivue kwa sababu ya fundisho hili. Ila asidhani kwamba yatosha badala ya daktari. Kipimo chetu ni hiki: chombo kikutumikie unapokihitaji, kisha kinyamaze. Kikianza kukuita wewe, uliza nani ni bwana wa mwenzake.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Ni mambo gani huifanya saa ya Kaisho itofautiane na jua?
2. Jana, ni mara ngapi tuliitazama saa au simu kwa haja, na mara ngapi kwa kuitwa?
3. Tunapoketi na mfiwa, simu na saa zetu ziwe wapi?
4. Kila mmoja amfundishe mtoto mmoja kusoma saa ya mishale kabla ya mkutano ujao.