SURA YA TISA: CHAKULA KINAVYOTUMIKA MWILINI

Katika sura iliyopita tuliona jinsi chakula kinavyomeng'enywa tumboni na katika utumbo mwembamba, kisha kuingia katika damu. Lakini safari ya chakula haiishii katika damu. Damu hukichukua na kukipeleka kwenye chembe hai zote za mwili, na huko ndiko kazi yenyewe inakofanyika.

Tuanze na jambo ambalo ni rahisi kuliona. Katika kisiwa cha Juani, karibu na kisiwa kikubwa cha Mafia, yapo magofu ya mji wa kale uitwao Kua. Mji huo uliachwa mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya kushambuliwa na Wasakalava waliotoka Bukini, yaani Madagaska. Kuta za misikiti na jumba kubwa la Kua zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Ili kupata chokaa, mafundi walipanga magogo mengi, wakaweka matumbawe juu yake, kisha wakawasha moto. Kuni zilipoungua zilitumia oksijeni ya hewani. Zikatoa joto, mwanga, majivu, na hewa ya kaboni dioksidi.

Mwili wako nao huunguza. Chembe hai huchukua sukari iliyotokana na wanga, huiunganisha na oksijeni uliyoivuta, na kupata nguvu. Tofauti ni kwamba moto wa tanuri la chokaa huwaka kwa ghafula na kufikia joto la nyuzi mia kadhaa, lakini mwili hufanya kazi hiyo polepole, hatua kwa hatua, katika joto la nyuzi 37 tu za Sentigredi. Hauna mwali wala moshi. Kinachowezesha jambo hilo ni vitu viitwavyo vimeng'enya. Kila kimeng'enya kina kazi yake, kama vile kila fundi alivyo na kazi yake katika ujenzi wa jahazi.

Mabadiliko yote ya kikemikali yanayotendeka ndani ya chembe hai huitwa umetaboli. Baadhi ya mabadiliko hayo huvunja vitu ili kupata nguvu. Mengine hujenga: protini ya samaki uliyemla jana leo inageuzwa kuwa msuli, damu au ukucha. Kuta za Kua zimepasuliwa na mizizi ya miti, na hakuna anayezirudishia mawe yake. Mwili ulio hai hujikarabati usiku na mchana. Kwa hiyo hata mtu aliyelala usingizi hutumia chakula.

JARIBIO: Je, mwili huunguza kweli?

Mwalimu atayarishe maji ya chokaa kwa kukoroga chokaa kidogo katika maji, kuyaacha usiku kucha yatulie, kisha kuyachuja. Mimina maji hayo maangavu katika gilasi mbili. Katika gilasi ya kwanza, pulizia pumzi yako taratibu kwa mrija safi. Usivute maji hayo mdomoni. Gilasi ya pili iache bila kuipulizia.

Utaona nini? Maji ya gilasi ya kwanza hubadilika na kuwa meupe kama maziwa, kwa sababu pumzi yako ina kaboni dioksidi nyingi kuliko hewa ya kawaida. Weupe huo ni kitu kile kile kinachounda matumbawe. Tanuri liliiondoa kaboni dioksidi katika jiwe, na pumzi yako imeirudisha.

Muhogo na sumu yake

Umetaboli hauhusu chakula tu. Mwili hupokea pia vitu vyenye madhara, na hauna budi kuvigeuza kabla havijaudhuru. Mfano mzuri ni muhogo, chakula kinacholiwa katika sehemu nyingi za nchi yetu, bara na visiwani.

Muhogo una wanga mwingi, lakini una protini kidogo sana. Tena, ndani yake kuna kitu kinachoweza kutoa sumu iitwayo sianidi. Muhogo mtamu una sumu kidogo, na muhogo mchungu una nyingi. Mmea hujikinga kwa sumu hiyo. Ndiyo maana wakulima wengi huupenda muhogo mchungu, kwani nguruwe mwitu na nyani hawauharibu sana. Sianidi huzizuia chembe hai zisitumie oksijeni. Hewa ipo, damu inapita, lakini moto wa mwili unafifia kama moto uliofunikwa kwa chungu. Mtu aliyeila nyingi huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na hutapika. Akizidisha anaweza kufa.

Mwili una kinga yake. Vimeng'enya huiunganisha sianidi na salfa, na kuigeuza kuwa kitu kingine kisicho na sumu kali, ambacho hutoka katika mkojo. Je, salfa hiyo inatoka wapi? Inatoka katika protini tunazokula, hasa za samaki, mayai, nyama na maziwa. Watu wa pwani hupika muhogo kwa nazi na kuula kwa samaki. Waliupenda mlo huo kwa utamu wake, lakini samaki yule pia huupa mwili salfa.

Sasa fikiri yatakayotokea ukame ukija. Mahindi hukauka, muhogo mchungu hubaki. Njaa huwafanya watu wapunguze siku za kuuloweka na kuukausha. Nyama na samaki hawapatikani. Sianidi huongezeka mwilini wakati ule ule salfa inapopungua. Baada ya majuma kadhaa, mtoto aliyelala mzima anaweza kuamka miguu yake ikiwa migumu, asiweze kutembea vizuri. Ugonjwa huo huitwa konzo, neno la Kiyaka cha Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Hauzidi baadaye, lakini hauponi. Huwapata hasa watoto na akina mama.

Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipata ugonjwa huo katika mkoa wa Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ulitokea wilayani Tarime, mkoani Mara, na miaka ya 2002 na 2003 mkoani Mtwara. Wapo waliosema kuwa wagonjwa wamerogwa. Wengine walidhani ni ugonjwa wa kupooza uitwao polio. Lakini katika polio miguu hulegea, na katika konzo hukakamaa.

Kuchemsha peke yake hakutoshi kuondoa sumu ya muhogo mchungu. Muhogo humenywa, hulowekwa kwa siku tatu hivi mpaka ulainike, kisha huanikwa juani. Unapolainika au kupondwa, sianidi huachiliwa na kupotea hewani. Ikiwa unga umekwisha kusagwa na hujui ulivyotayarishwa, uchanganye na maji, utandaze uwe mwembamba usiozidi sentimeta moja, uache kivulini kwa saa tano, kisha usongwe ugali siku hiyo hiyo.

Magonjwa mengine ya umetaboli tutayasoma darasa la sita. Kwa sasa kumbuka mmoja, kisukari. Mgonjwa wa kisukari ana sukari tele katika damu, lakini chembe hai zake haziipati vizuri, kwa sababu kongosho haitoi insulini ya kutosha au mwili hauitii insulini hiyo.

MASWALI

1. Kwa nini mtu aliyelala huhitaji chakula?

2. Taja mambo mawili ambayo tanuri la chokaa na mwili hufanana, na jambo moja ambalo hutofautiana.

3. Waulize wazee wa kwenu jinsi wanavyotayarisha muhogo mchungu. Andika kila hatua na idadi ya siku. Ni hatua ipi inayoondoa sumu?

4. Upepo mkali wa kusi umewazuia wavuvi wa Juani kwenda baharini kwa majuma matatu. Katika nyumba moja kumebaki muhogo mchungu na kunde, na watoto wana njaa leo hii. Ungewashauri wafanye nini, na kwa sababu gani?