Nani Aliita Nini: Mafunzo Niliyopata Nikiandika Habari za Torit

Naishi New Site, mtaa wa hapa Juba. (Si New Site ile ya Ekwatoria Mashariki, kambi ya jeshi la SPLA ambako kiongozi wake, John Garang, alikuwa akielekea kwa helikopta alipofariki, 30 Julai 2005. Hata anwani yangu huhitaji maelezo.) Nilikuwa nikiandika makala ya Kiswahili kuhusu Torit. Tukio lenyewe ni fupi kusimulia: tarehe 18 Agosti 1955, mjini Torit, miezi michache kabla ya uhuru wa Sudan, askari wa kusini wa Kikosi cha Ekwatoria waliamriwa wahamie kaskazini, wakakataa, wakashika silaha, na mapigano yakaenea miji mingine ya kusini. Kulipa jina ndiko kulikonitoa jasho.

1. Neno la upole nalo lina mwenyewe.
Mhariri wangu alitaka “machafuko”, kwa kuwa halimlaumu mtu. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alilisoma akacheka: “Ustadh, hilo ni neno la Khartoum.” Kweli. Ripoti ya tume ya serikali iliyochunguza, Tume ya Jaji Cotran, iliyotolewa 1956, iliyaita matukio hayo hivyohivyo katika kichwa chake. Maofisa wa jeshi walisema uasi, na kwa sheria yao askari anayekataa amri ameasi. Watu wengi wa kusini husema mapinduzi. Sikupata neno lisilo na mzazi. Nikaacha kulitafuta, nikaandika kila neno pamoja na aliyelisema na mwaka aliolisema.

2. Tarehe ya mwanzo pia ni msimamo.
Ukiandika “vita vya 1955 hadi 1972”, umeshaiunga Torit na Mkataba wa Addis Ababa, uliomaliza vita hivyo, kwa mstari mmoja. Wapo wanahistoria wanaosema vita hasa vilianza 1963, Anyanya, jeshi la msituni la kusini, ilipoundwa, na kwamba kabla yake walikuwepo watoro msituni na mashambulizi ya hapa na pale. Simulizi ya kitaifa inapenda mstari usiokatika: Torit, kisha Bor Mei 1983, askari wa kusini walipokataa amri tena, kisha uhuru wa Sudan Kusini 9 Julai 2011. Mimi naona mstari huo ulichorwa baadaye, lakini waliouchora walikuwa na sababu.

3. Hesabu maiti wote.
Hapa ndipo nilipopoteza marafiki wawili watatu. Tume ilihesabu watu wa kaskazini 261 waliouawa, wakiwemo wafanyabiashara, wanawake na watoto. Wa kusini waliokufa ilihesabu 75, wengi wao wakizama mto Kinyeti walipokuwa wakikimbia. Wapo wanaotaka takwimu ya kwanza ifutwe kwa sababu inachafua mashujaa. Wengine wangependa nikomee kwenye takwimu hiyo, nisitaje askari waliojisalimisha kwa ahadi ya haki kisha wakauawa kwa hukumu. Nimeyaweka yote hayo ukurasa mmoja.

4. Tusije Juba kama mahakimu.
Sisi majirani wa Afrika Mashariki tunayo mabishano yetu ya majina. Kenya, serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari mwaka 1952. Wapiganaji walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru; serikali iliwaita Mau Mau. Na marufuku dhidi yao iliondolewa 2003 tu, miaka arobaini baada ya uhuru. Zanzibar, tarehe 12 Januari 1964 ni Mapinduzi Matukufu Unguja, ila ziulize familia zilizokimbilia Oman.

5. Jina la zamani husomwa kwa macho ya leo.
Kiswahili kinatutia taabuni: neno “mapinduzi” tunalolitumia kuisifu Torit ndilo la kumshtaki mtu kwa usiku wa 15 Desemba 2013, mapigano yalipozuka hapa Juba. Serikali ilisema lilikuwa jaribio la mapinduzi. Riek Machar, aliyetuhumiwa kuliongoza, akakana. Tume ya Umoja wa Afrika chini ya Olusegun Obasanjo haikuona ushahidi wa mapinduzi. Kwa mama wa chai, ukitaja usiku ule kwa jina lolote, watu wanaanza kukupima kabila. Kwa hiyo katika makala nilitenganisha: 1955 kwa maneno ya watu wa 1955.

Kichwa kilichochapishwa ni “Torit, 18 Agosti 1955”, na majina yote matatu yako aya ya pili. Nawe unayekusanya simulizi za wazee wa Torit, andika jina ambalo msimulizi mwenyewe analiita tukio lile, usimsahihishe. Waliokuwa watu wazima mwaka ule wamebaki wachache sana.