Zaka, ada na jioni zako

Swali: Mchungaji, mshahara hautoshi. Nina ada ya mtoto na marejesho ya kikoba. Zaka natoa kikibaki kitu, na jioni zote zinaishia kwenye simu. Nianzie wapi?

Jibu: Anza siku ile ile mshahara unapoingia. Mithali 3:9 inazungumzia malimbuko, si makombo: tenga fungu la Mungu kwanza, hata likiwa dogo. Kisha lipa ada na kikoba. Deni si la kuchezea. Wala usimwache mzazi bila dawa kwa kisingizio cha sadaka: katika Marko 7 Yesu alilikemea jambo hilo waziwazi. Jioni, iache simu chumbani, soma Neno na watoto, umjulie hali jirani mgonjwa. Usingoje kuongezewa mshahara. Anza mwezi huu.