Mjusi na Mmea Wake

Jioni taa iwashwapo nyumbani kwenu Chitete, tazameni ukutani. Baada ya kitambo kidogo mtamwona mjusi kafiri akitoka katika ufa, akiwanyemelea nondo na mbu wajao kwenye mwanga. Tumemzoea hata hatumwangalii tena. Lakini katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wanunuao mijusi kwa fedha nyingi, wakawaweka katika masanduku ya kioo yaliyopandwa mimea hai, wakawafuga kama sisi tufugavyo njiwa. Katika somo hili tutajifunza jinsi mmea wa mjusi unavyochaguliwa, tena tutaona jinsi msitu mmoja wa nchi yetu ulivyopata hasara kwa ajili ya ufugaji huo.

Tuseme mtoto mmoja amemkamata mjusi mdogo wa mchana, mmoja wa wale wakaao juu ya magome ya miti na nguzo za ua. Amemtia katika sanduku lenye dirisha la wavu, akamwekea maji katika kisahani, akamtilia na wadudu wadogo. Na kwa kuwa ataka sanduku lake lipendeze, amechuma tawi lenye maua mekundu, akalisimamisha ndani. Siku ya pili maua yamenyauka. Baada ya siku chache mjusi amekufa, na kisahani kingali na maji. Je, amekufa kwa sababu gani? Amekufa kwa kiu. Mijusi wengi wa namna hii hawakuzoea kunywa katika chombo. Wao hulamba matone ya umande na ya mvua yaliyo juu ya majani. Mtoto yule alichagua mmea wa kufurahisha macho yake mwenyewe, wala hakuuliza mjusi ahitaji nini.

Basi, yeye achaguaye mmea na aulize kwanza maswali manne.

Swali la kwanza: Mjusi huyu ametoka wapi? Mjusi wa nchi kavu hutaka mimea ya nchi kavu, iotayo katika mchanga na kuvumilia jua. Mjusi wa msituni hutaka mimea ipendayo unyevu na kivuli. Ukiwachanganya, mmoja wao ataharibika: ama mmea utaoza au kukauka, ama mjusi ataugua.

Swali la pili: Je, jani laweza kumchukua? Vidole vya mijusi wengi wapandao ukutani vina vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, navyo humshikiza hata juu ya kioo. Lakini mguu mzuri haufai kitu juu ya jani dhaifu. Yafaa mmea wenye majani mapana au magumu, na shina lisimamalo imara.

Swali la tatu: Je, pana mahali pa kujificha na kutaga? Mjusi aliye wazi mchana kutwa huishi kwa hofu. Tena jike hutafuta mahali pa siri pa kuweka mayai yake, ambayo mara nyingi ni mawili tu, yenye ganda gumu. Majani yaliyosongamana humpa nafasi hiyo.

Swali la nne: Je, mmea wenyewe una madhara? Mnyaa hufaa kwa ua wa boma, lakini utomvu wake mweupe huunguza macho ya mtu, sembuse ya mjusi. Vilevile mmea ulionyunyiziwa dawa ya kuua wadudu haufai hata ukiwa mzuri namna gani, kwa kuwa sumu humwingia mdudu, na mdudu huliwa na mjusi.

Mmea ukisha kuchaguliwa, na uwekwe pamoja na mizizi yake, si tawi lililokatwa. Chini ya udongo huwekwa kokoto, maji yasije yakatuama na kuozesha mizizi. Nao hupewa mwanga wa kutosha, na majani yake hunyunyiziwa maji kila siku, ili mjusi apate kulamba.

Sasa na tusafiri kwa fikira. Tukitoka Chitete tukafika Tunduma, tukaishika barabara kuu, tukapita Mbeya, Iringa na Mikumi, tutafika Morogoro. Kusini-mashariki ya mji huo, chini ya milima ya Uluguru, uko msitu mdogo wa Kimboza, ulioota juu ya mawe ya chokaa. Ukubwa wake ni yapata hekta 400 tu. Humo, na katika misitu michache midogo iliyo jirani, hukaa mjusi asiyepatikana mwituni mahali pengine po pote duniani. Urefu wake ni kama kidole cha mtu. Dume ana rangi ya buluu ing'aayo, na tumbo lake ni la rangi ya machungwa. Jike ana rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia. Mwaka 1952 mtaalamu Arthur Loveridge alimwandika katika elimu ya wanyama, akamwita Lygodactylus williamsi.

Mjusi huyu amejichagulia mmea wake mwenyewe. Hukaa karibu siku zote juu ya mti mmoja wa jamii ya mkadi, uitwao Pandanus rabaiensis. Majani ya mti huo ni marefu na magumu kama ya nanasi, yenye miiba pembeni. Yatazameni sasa kwa maswali yetu manne. Mvua ikinyesha, maji hukaa katika vikwapa vya majani, na mjusi hunywa hapo. Jani ni gumu, humchukua. Katikati ya majani hujificha na kutaga mayai. Na ile miiba, badala ya kumdhuru, humlinda na adui zake. Kwa kawaida katika kila mkadi huwapo dume mmoja mkubwa autawalaye, pamoja na majike na watoto. Kwa hiyo mkadi mmoja ni nyumba ya ukoo mmoja.

Wafugaji wa ng'ambo walipoiona rangi ile ya buluu waliitamani. Watafiti walihesabu kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi wasiopungua 32,310. Tena, kwa kuwa mikadi ni mirefu na ina miiba, mara nyingi wakamataji waliikata ili wawafikie mijusi walioko juu. Tazameni jambo la ajabu: mti uliangushwa msituni ili mjusi auzwe, na kule ng'ambo mnunuzi akatafuta mkadi mdogo wa kupanda katika sanduku lake, ili mjusi ajione yuko kwao! Aliyekata mkadi hakuchukua mijusi wa siku ile tu. Aliwanyang'anya nyumba na wale ambao hawajazaliwa bado. Wala waliookoka hawawezi kuhamia mti wa pili bila taabu, kwa maana huo una mwenyewe.

Mwaka 2012 mjusi huyu alitiwa katika orodha ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya mijusi hao waliokamatwa mwituni, na katazo hilo likaanza Januari 2017. Hata hivyo moto wa msituni na miti ya kigeni iliyoenea huko ingali inaisumbua mikadi.

Basi, yeye apendaye mjusi na aanze kwa kuupenda mmea wake. Kama wataka kumtazama, huna haja ya sanduku. Acha mti mmoja mzee karibu na nyumba yenu, usiubandue magome, kisha keti kimya asubuhi jua lipandapo. Atatoka mwenyewe, naye atakuwa mzima.

MASWALI

1. Kwa nini mjusi wa yule mtoto alikufa, na maji yalikuwamo?
2. Taja maswali manne ya kuulizwa kabla ya kuchagua mmea.
3. Miiba ya mkadi humfaa mjusi kwa njia gani?
4. Eleza jinsi kuukata mkadi mmoja kunavyodhuru zaidi kuliko kumkamata mjusi mmoja.
5. Chagua mti mmoja ulio karibu na shule. Utazame kwa siku tatu, asubuhi na jioni, kisha andika ni wanyama gani hukaa humo, na kila mmoja hupata nini katika mti huo.