Kabla ya kuandika wosia, pambanua kilicho chako

Hapa Kasongo ukitaja wosia mbele za watu, watakuuliza kama daktari amekuambia kitu. Mimi niliandika wangu nikiwa mzima, na tangu hapo majirani huniita niwasaidie. Wengi huja wakitaka kujua nani apewe nini. Mimi huwauliza kwanza: hicho unachogawa ni chako?

Chukua parseli. Tangu sheria ya ardhi ya 1973, udongo wote ni wa Leta. Wewe una haki juu yake kwa karatasi uliyo nayo, pamoja na nyumba uliyojenga. Itafute karatasi hiyo mapema, uone ina jina la nani. Nimekuta nyumba ya matofali, bati jipya, mwenyewe kaishi humo hadi ameota mvi, na karatasi bado ina jina la aliyemuuzia. Vijijini, upande wa Kabambare, shamba mara nyingi ni la ukoo: unalilima, lakini huligawi bila wazee. Nanyi wachimbaji wa Salamabila, shimo la dhahabu lina wabia. Andika fungu lako na uwataje wenzako, la sivyo watoto wataambiwa marehemu alikuwa kibarua tu.

Halafu toa cha mke. Kama mlifunga ndoa ya Leta bila kuchagua mpango mwingine wa mali, mlichochuma pamoja ni cha wote wawili. Unagawa nusu yako tu. Toa na madeni, mahari usiyomaliza ikiwemo.

Kode ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu, wa kike sawa na wa kiume, na wosia hauwezi kulimega fungu hilo kwa ajili ya mtu mwingine. Mjane, wazazi na ndugu wamo katika robo inayobaki, na mjane ana haki ya kuendelea kutumia nyumba mliyokuwa mkiishi. (Mashemeji wanaokuja kubeba magodoro matanga hayajaisha wasomewe hapa.) Sisi Waislamu tunajua wasia hauvuki theluthi, na mrithi hausiwi. Mimi nilibaki chini ya robo, hivyo sikugusa fungu la watoto wala sikuvuka mpaka wa dini. Fungu la binti ni jambo jingine, maana hapo Kode na dini hazisemi sawa; kaa na shehe na watoto wako mlizungumze ungali hai.

Mtoto wa nje ya ndoa hurithi pamoja na wenzake ikiwa ulimtambua kisheria ukiwa hai. Hilo limalize kwenye ofisi ya eta-sivili sasa, usingoje wosia.

Kuandika kwenyewe ni kwepesi. Andika yote kwa mkono wako, weka tarehe, tia sahihi. Au nenda kwa notè au kwa ofisa wa eta-sivili. Wosia wa mdomo ni wa mtu aliye hatarini kufa, mbele ya mashahidi, na hautoshi kugawa nyumba.

Mwisho, taja msimamizi. Usipomtaja, kazi inamwangukia mkubwa wa warithi, hata akiwa mbali. Mtoto wangu wa kwanza yuko Bukavu, kwa hiyo nilimtaja wa tatu, anayekaa hapa mjini. Kisha nikampigia simu yule wa kwanza mimi mwenyewe, kabla hajaambiwa na shangazi zake.